Maktaba za sampuli za ala za mbao za okestra

Maktaba ya sampuli ni mkusanyo wa sauti za ala halisi, zilizorekodiwa nota kwa nota ili mtunzi azipige kwa kibodi kupitia kompyuta. Makala hii inahusu filimbi, oboe, klarineti na basuni. Filimbi ya okestra siku hizi kwa kawaida hutengenezwa kwa metali, lakini bado huhesabiwa katika kundi la mbao.

Historia

Mellotron, kinanda kilichoanza kuundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1963, kilikuwa na utepe wenye sauti iliyorekodiwa kwa kila kitufe. Sauti ilidumu takriban sekunde 8, kisha ikakatika. Filimbi zake ndizo zinazofungua "Strawberry Fields Forever" ya The Beatles (1967). Kinanda cha Fairlight CMI cha Australia (1979) kilihamishia kazi hiyo kwenye kumbukumbu ya kidijitali, ambayo ilikuwa finyu mno. Mwaka 1998 programu ya GigaSampler ilianza kusoma sauti moja kwa moja kutoka kwenye diski, na maktaba zikapata nafasi ya kukua. Vienna Symphonic Library, iliyoanzishwa na mpiga selo Herb Tucmandl, ilirekodi hata mpito kutoka nota moja hadi nyingine. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu legato, yaani kuunganisha nota bila kukatiza, ndiyo roho ya ala za pumzi.

Vigezo vya kuchagua

Wapiga fidla hucheza kwa kundi, na kasoro za sampuli humezwa na wingi wao. Oboe husikika peke yake, bila pa kujificha. Kwa hiyo idadi ya gigabaiti si kipimo kizuri cha ubora.

Jambo la kwanza kusikiliza ni nota ndefu inayoongezeka nguvu kutoka sauti ndogo hadi kubwa. Kila nota hurekodiwa kwa viwango kadhaa vya nguvu, na programu huvichanganya nguvu inapoongezeka. Mtetemo wa filimbi katika viwango viwili ukipishana, sikio hupata wapigaji wawili mahali pa mmoja. Klarineti ijaribiwe pale inapovuka kutoka rejista ya chini kwenda ya juu, ambapo legato dhaifu hukatika waziwazi. Staccato, yaani nota fupi zilizotenganishwa, nayo inahitaji rekodi kadhaa za nota ileile. Ikirudiwa rekodi moja tu, mstari mzima hulia kama cherehani.

Filimbi mbili zikihitajika, kunakili filimbi ya kwanza huongeza ukubwa wa sauti tu. Maktaba ya Berlin Woodwinds, ya kampuni ya Orchestral Tools, ina wapigaji tofauti kwa sehemu tofauti, na faida yake ni kubwa.

Ukumbi

Maktaba za mwanzo za Vienna zilirekodiwa katika studio kavu, hivyo mtunzi huongeza mwangwi mwenyewe. Kampuni ya Spitfire Audio ilirekodi ala zake za mbao katika studio ya AIR Lyndhurst, London, kanisa la zamani ambalo mwangwi wake mzuri hauondoki kwenye rekodi.

Udhibiti

Kubadilisha nguvu ya sauti wakati wa kupiga, gurudumu la kibodi hutumika zaidi. Kidhibiti cha pumzi, kilichokubaliwa na sintesaiza ya Yamaha DX7 tangu 1983, huleta uhai mkubwa zaidi.

Zumari

Zumari la pwani ya Afrika Mashariki hutumia tete maradufu kama oboe, ila sampuli za oboe haziwezi kushika nafasi yake.

Matumizi ya sasa

Maktaba ya BBC Symphony Orchestra ya Spitfire Audio (2019), iliyorekodiwa katika studio za Maida Vale, ina toleo dogo liitwalo Discover, linalofaa kompyuta ya kawaida.