Sanamu ya kale ikiuzwa, ulizia ilivyotoka kwao

Mji wa Lwakhakha, katika Kaunti ya Bungoma, umejengeka kwa biashara ya kuvuka mpaka. Wabukusu wa upande wa Kenya na Wagisu wa upande wa Uganda ni ndugu wa asili moja, na bidhaa huvuka mto kila uchao. Wengi wa wavukao, hata hivyo, hawajui kuwa Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavitaja vitu vya kihistoria katika orodha moja na silaha na pembe za ndovu: bidhaa zisizoingizwa nchini hivi hivi tu.

Sababu ya masharti hayo ni soko. Sanamu ya kale ina thamani kubwa kwa wakusanyaji matajiri wa ng'ambo, na mara nyingi thamani hiyo huzidi kadiri kitu kinavyosafiri mbali na kule kilikochongwa.

Mfano mmoja ulidhihirika jijini New York mwaka 2016. Jiwe la karne ya 2, lenye uzito wa kilo 200 hivi na lililochongwa nyayo za Buddha, liliingizwa Marekani ili liuzwe kwa wakusanyaji wakati wa maonyesho ya sanaa za Asia. Thamani yake ilikisiwa kuwa dola milioni 1.1. Wachunguzi walithibitisha kwamba lilikuwa limeporwa katika bonde la Swat, Pakistan, miaka ya 1980. Mfanyabiashara aliyelileta alikiri kosa, na mwaka uo huo jiwe likakabidhiwa serikali ya Pakistan.

Kenya nayo imeonja uchungu wa biashara hiyo kupitia vigango vya Wamijikenda. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa umbo la binadamu na kunakshiwa kwa pembetatu. Miongoni mwa Wagiriama, husimamishwa kumkumbuka mwanachama wa chama cha Gohu aliyefariki, agha'labu baada ya roho ya marehemu kumtokea jamaa ndotoni na kudai ijengewe. Kikishasimamishwa, hakihamishwi, hata wenye boma wakihama. Desturi hiyo ndiyo iliyowarahisishia wezi kazi, kwani nguzo hubaki mahame bila mlinzi.

Kuanzia miaka ya 1970, vigango vilianza kung'olewa na kuuzwa kwa watalii na madalali, kisha vikavuka bahari. Wachezaji sinema wa Marekani walivinunua kama mapambo, na baadhi yao wakavitoa zawadi kwa makavazi. Wataalamu wawili wa anthropolojia, Monica Udvardy na Linda Giles, walipovifuatilia waligundua zaidi ya vigango 290 katika makavazi 19 ya nchi hiyo.

Ushahidi ulioamua mambo ulikuwa picha. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanazuoni nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimoja kwenye picha zilizokuwa zikionyeshwa. Kilikuwa katika jimbo la Illinois. Cha pili kilipatikana katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha Illinois kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, na mwaka uliofuata kikafikishwa kwa familia, mzee mwenyewe akiwa amekwisha kufariki.

Vingine vimefuata. Makavazi ya Denver yalikubali mwaka 2014 kurejesha vigango 30, lakini vilichelewa kwa sababu ya gharama na mzozo wa ushuru, vikafika mwaka 2019. Makavazi ya Jimbo la Illinois yalirejesha vingine 37 mwaka 2023. Hata hivyo, vingi vya vigango hivyo havina picha ya mwaka 1985. Haijulikani vilitoka boma gani, kwa hiyo vimerudi nchini bila kurudi kwa wenyewe.

Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inasema kitu cha kale ni chochote kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa humu kabla ya mwaka 1895. Maana yake ni kwamba sanamu ya Kibuddha iliyoletwa Mombasa kwa jahazi mwaka 1880 ni kitu cha kale mbele ya sheria ya Kenya. Sheria hiyo inalinda pia milango ya kuchongwa ya kabla ya 1946, pamoja na vitu vingine ambavyo Waziri huvitangaza. Hakuna ruhusa ya kuvitoa nchini bila kibali.

Ukanda wa magharibi una mifano yake. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kitale aliyefariki mwaka 1966, alikusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miongo mingi, kisha akavirithisha serikali. Makavazi ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974 yalianzia hapo, na leo mwanafunzi wa Bungoma au wa Trans Nzoia anaweza kuviona. Kinyume chake, fimbo tatu za utawala za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilikaa Uingereza kwa karne nzima. Zilirudishwa mwaka 2006 na mwana wa Meinertzhagen, afisa aliyemuua.

Kwa anayetaka kununua sanamu ya kale, maswali ya kuuliza ni machache. Ilitoka mahali gani hasa? Nani aliiuza mara ya kwanza, na je, ilikuwa mali yake? Ilivuka mpaka mwaka gani, kwa kibali cha nani? Muuzaji anayejibu kwa kusema tu kwamba ilitoka kwa mkusanyaji wa zamani hajajibu.

Wenye vitu nao wana kazi yao. Ngoma ya tohara, kigoda cha babu au litungu la ukoo likipigwa picha leo pamoja na mwenyewe, jina la kijiji na tarehe zikaandikwa nyuma, familia itakuwa na ushahidi. Kigango cha kwanza kilirudi kwa sababu picha ya namna hiyo ilikuwapo.