Uzoefu wa Kocha na Nguvu ya Kanuni: Historia ya Mafunzo ya Besiboli na Softiboli kwa Vijana Nchini Marekani, 1925–2014

1.0 Utangulizi

Besiboli ni mchezo ambao mtoto hawezi kuumudu kwa kutazama tu. Mrushaji hurusha mpira mgumu wenye mzingo wa takribani sentimita 23, na mpigaji aliyeshika gongo hupata muda usiofika sekunde moja wa kuamua ama kuupiga ama kuuacha upite. Softiboli, iliyoanza jijini Chicago mwaka 1887 kama besiboli ya kuchezwa ndani ya ukumbi, hutumia mpira mkubwa zaidi, na mrushaji huuachia mkono ukiwa chini, karibu na nyonga. Michezo yote miwili ina mbinu ambazo sharti zifundishwe, na hivyo humhitaji mwalimu.

Insha hii inachunguza jinsi ualimu huo ulivyobadilika nchini Marekani: kutoka kwa mzazi wa kujitolea hadi kwa kocha mzoefu anayelipwa kwa kila somo. Hoja kuu ni kwamba uzoefu wa kocha uliinua kiwango cha uchezaji wa vijana, lakini haukutosha kujibu maswali mawili mazito zaidi ya historia hiyo: nani ana haki ya kufundishwa, na mwili wa mtoto unaweza kubeba mafunzo kiasi gani. Maswali hayo yalijibiwa, pale yalipojibiwa, na kanuni zilizomfunga kila mtu, wakiwamo makocha hodari.

2.0 Kocha wa Kujitolea

Mwaka 1925, chama cha wanajeshi wastaafu cha American Legion kilipitisha mjini Milbank, South Dakota, azimio la kuanzisha besiboli ya vijana. Mpango huo uliwahusu vijana wa umri mkubwa kidogo. Watoto wadogo waliendelea kucheza mitaani na kujifunza kutoka kwa kaka zao.

Pengo hilo lilizibwa na Carl Stotz wa Williamsport, Pennsylvania. Baada ya kufanya majaribio na wapwa zake, Stotz aliona kwamba tatizo la watoto lilikuwa kiwanja kilichopimwa kwa miguu ya watu wazima. Alipunguza umbali baina ya vituo kutoka takribani mita 27 hadi mita 18. Tarehe 6 Juni 1939, Little League ilicheza mchezo wake wa kwanza, ambapo timu ya Lundy Lumber iliishinda Lycoming Dairy kwa 23 kwa 8. Timu zilikuwa tatu, zikifadhiliwa na wafanyabiashara wa hapo mjini.

Msingi wa mfumo huo ulikuwa kujitolea. Kocha alikuwa baba au jirani aliyetoka kazini jioni akaenda kiwanjani. Faida yake ilikuwa wazi: mafunzo hayakuhitaji fedha nyingi, na mtoto alifundishwa na mtu anayemfahamu. Udhaifu wake ulikuwa wazi vilevile. Kocha huyo alifundisha kile alichokikumbuka tangu ujana wake, na kama hakuwahi kuwa mrushaji, hakuwa na cha kumwambia mrushaji isipokuwa kumtia moyo.

3.0 Kuibuka kwa Mafunzo ya Kulipia

Wazo la kuuza maarifa ya mchezo halikuanza na madarasa ya kisasa. Katika miaka ya 1930, Ray Doan aliendesha shule ya besiboli mjini Hot Springs, Arkansas, ambako vijana waliotaka kuingia katika mchezo wa kulipwa walifundishwa na watu mashuhuri kama Rogers Hornsby. Hapo ndipo inapoonekana mapema sura ya kocha mzoefu kama mtu ambaye jina lake ni sehemu ya bidhaa anayoiuza.

Hatua ya pili ilihusu mbinu za ufundishaji. Branch Rickey, aliyeongoza timu ya Brooklyn Dodgers, alianzisha kambi ya mazoezi mjini Vero Beach, Florida, mwaka 1948. Katika kambi hiyo, mchezo uligawanywa katika vipande, na kila kipande kikapewa zana yake: nyuzi zilizotandazwa kuonyesha eneo ambamo mpira sharti upite, nguzo fupi ya kuwekea mpira ili mpigaji arekebishe mkao wake, na mashimo ya mchanga ya kujifunzia kuteleza kuelekea kituo. Zana za namna hiyo, au zinazofanana nazo, ndizo zinazoonekana leo katika vyumba vya mazoezi ambamo kocha mmoja humfundisha mtoto mmoja.

Softiboli ilifuata njia yake yenyewe. Urushaji wake wa kasi, ambapo mkono huzunguka duara zima kabla ya kuachia mpira, haufanani na urushaji wa besiboli. Baba aliyewahi kucheza besiboli hakuwa na uzoefu wa kumrithisha binti yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, maarufu kwa jina la Title IX, ilipopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, timu za wanawake vyuoni ziliongezeka, na pamoja nazo nafasi za ufadhili wa masomo. Sheria hiyo ilizaa pande zote mbili za soko: wasichana waliokuwa na sababu ya kutafuta mafunzo, na wanawake waliomaliza vyuo wakiwa na ujuzi wa kuyatoa.

4.0 Nani Alistahili Kufundishwa?

Kabla ya kufikia hatua hiyo, mlango wa mafunzo ulikuwa umefungwa kwa wengi. Mwaka 1950, msichana Kathryn Johnston wa Corning, New York, alikata nywele, akajiita kwa jina la utani la kiume, akapata nafasi katika timu. Baada ya kisa hicho, Little League ilitunga kanuni iliyowakataza wasichana.

Mwaka 1955, timu ya watoto weusi ya Cannon Street YMCA kutoka Charleston, South Carolina, ilijiandikisha katika mashindano ya jimbo lake. Timu za weupe zilijitoa ili zisicheze nayo. Kwa kuwa ilisonga mbele bila kucheza, Cannon Street ilinyimwa nafasi katika fainali za Williamsport. Watoto hao walialikwa kama wageni, wakaketi jukwaani wakiwatazama wenzao. Makocha wao hawakuwa na upungufu wowote ambao mafunzo zaidi yangeweza kuurekebisha.

Kisa cha Maria Pepe wa Hoboken, New Jersey, kinaionyesha hoja hii kwa uwazi zaidi. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 12, alicheza michezo mitatu kabla ya Little League kutishia kuufuta uanachama wa mji wake. Kocha wake alimtaka, kanuni ilimkataa. Shauri lilipofikishwa mbele ya idara ya haki za kiraia ya jimbo hilo, Creighton Hale, mtaalamu wa fiziolojia na kiongozi wa Little League, alitetea katazo hilo kwa madai kwamba mifupa ya wasichana ni dhaifu zaidi. Hapa utaalamu wenyewe ulitumika kufunga mlango. Mwezi Novemba 1973, Sylvia Pressler, aliyesikiliza shauri hilo, aliamua kwamba wasichana wana haki ya kucheza. Mwaka 1974 Little League ilibadili kanuni zake na kuanzisha programu ya softiboli. Kwa Pepe mwenyewe, ushindi ulichelewa: umri wake ulikuwa umekwishapita.

5.0 Mkono wa Mtoto

Swali la pili lilihusu mwili. Mwaka 1960, madaktari Brogdon na Crow walieleza jeraha la kiwiko lililowapata wavulana warushaji, na jeraha hilo likapewa jina la Little League yenyewe. Chanzo chake ni urushaji wa kupita kiasi katika umri ambao sehemu za mfupa bado hazijaungana. Mnamo Septemba 1974, daktari Frank Jobe wa Los Angeles alifaulu kubadilisha kano ya kiwiko cha mrushaji Tommy John, ambaye alirudi uwanjani mwaka 1976 na kucheza hadi 1989. Upasuaji uliobuniwa kuokoa kazi ya mtu mzima ulikuja baadaye kufanyiwa vijana wa shule.

Ingetarajiwa kwamba kuongezeka kwa makocha wazoefu kungepunguza majeraha hayo. Hata hivyo, mafunzo ya kulipia yalikua sambamba na timu za kusafiri zinazocheza karibu mwaka mzima. Kijana aliweza kuichezea timu ya shule na timu ya kusafiri, kisha akahudhuria somo la binafsi katikati ya wiki. Kila kocha alihesabu mirusho aliyoiona yeye. Mkono wa mtoto ulihesabu yote.

Mwaka 2007, Little League iliacha kumpima mrushaji kwa awamu za mchezo, ikaanza kuhesabu mirusho: mtoto wa miaka 11 hadi 12 asizidishe 85 kwa siku. Mwaka 2014, ligi kuu ya kulipwa na chama cha USA Baseball vilitoa mwongozo wa Pitch Smart, unaohimiza pia miezi ya mapumziko. Hatua hizo zilikuwa na mipaka. Hesabu ya ligi haikufika katika chumba cha somo la binafsi, na softiboli haikuingizwa ndani yake, kwa sehemu kutokana na imani ya muda mrefu kwamba kurusha kwa mkono wa chini hakudhuru.

6.0 Mfano wa Uganda

Itakuwa makosa kuichukulia kanuni kama tiba isiyo na madhara. Mwaka 2011, timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda Williamsport, lakini ilinyimwa viza kwa sababu ya mkanganyiko wa taarifa za umri. Kanuni ya umri inalenga kuwalinda watoto dhidi ya wapinzani wakubwa kuliko wao. Hata hivyo, inachukulia kwamba kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa wakati. Mwaka 2012, timu ya Lugazi ilifuzu na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano hayo, ikaishinda timu ya Gresham, Oregon, kwa 3 kwa 2. Ujuzi ulikuwapo katika miaka yote miwili. Kilichotofautiana ni karatasi.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kocha mzoefu alijaza pengo halisi lililoachwa na mfumo wa kujitolea, hususani katika softiboli. Hata hivyo, vizuizi vya rangi na jinsia havikuondolewa na umahiri wa makocha, na kiwiko cha mtoto hakikulindwa na sifa za mwalimu wake. Vilevile, somo linalolipiwa limeleta kizuizi kipya, nacho ni uwezo wa mzazi, ambacho hakijatungiwa kanuni yoyote inayolingana na ile ya mwaka 1974. Kwa hiyo, utafiti wa ualimu wa michezo ya vijana haupaswi kuishia kwenye swali la nani anafundisha vizuri. Unapaswa kuuliza pia nani amebaki nje ya uzio, na nani anahesabu mirusho ya aliyeko ndani.