Kondoo Walikunywa Kwanza

Mwaka wa 2012 nilikuwa darasa la nne katika shule moja ya msingi huko Bomet, pale mashamba ya chai yanapokutana na maboma ya watu. Siku ya dawa ya minyoo tulipangwa foleni. Mwalimu alishika mkebe, na kila mtoto akapewa kidonge kimoja kikubwa cha kutafuna. Ukimaliza unafungua mdomo na kutoa ulimi, aone kama hujakificha shavuni. Utamu kidogo, halafu chaki tupu.

Jumamosi yake nilimsaidia kogo, yaani nyanya yangu, kunywesha kondoo dawa. Mimi nilishika kichwa, yeye akamimina ile dawa nyeupe kando ya mdomo. Chupa ikabaki kwangu, nikasoma herufi kubwa: ALBENDAZOLE.

“Kogo, hii ndiyo tulipewa shuleni!”

Hata hakushtuka. “Si minyoo ni minyoo? Ya kondoo na ya mtoto inatofautiana nini?”

Inatofautiana, tena sana. Lakini bila kujua, kogo alikuwa ameshika historia nzima mkononi. Nimekuja kuifuatilia nikiwa mtu mzima, na kila nikirudi nyuma namkuta kondoo amenitangulia kwenye foleni.

Tuanze na 1961. Kampuni ya Merck ya Marekani ilitangaza thaibendazoli, dawa ya kwanza ya ukoo ambao baadaye ungezaa albendazoli. Soko kubwa lilikuwa la wafugaji. Kondoo ana adui anayeitwa Haemonchus contortus, mnyoo anayekaa tumboni akinyonya damu, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mfugaji mkubwa wa Australia akipoteza kondoo, hiyo ni pesa, inaonekana kwenye hesabu. Mtoto wa mchuma chai akipungukiwa damu, hakuna kampuni inayoandika hasara. Basi utafiti ukafuata pesa. Albendazoli ilipata hataza mwaka wa 1975 chini ya SmithKline, ikaanza kuuzwa kwa ajili ya kondoo wa Australia 1977, na kusajiliwa kwa binadamu 1982.

Ivamektini nayo ni vivyo hivyo. Mjapani Satoshi Ōmura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, akaotesha bakteria waliokuwemo, na sampuli zikatumwa Merck. Timu ya William Campbell ikachukua panya wenye minyoo, ikawalisha ule mchuzi wa bakteria, kisha ikaangalia minyoo mingapi imebaki. Sampuli moja iliifagia. Mwaka wa 1981 dawa iliingia sokoni kwa mifugo. Watu walianza kuipata 1987, ilipotolewa bure dhidi ya usubi, ule ugonjwa unaopofusha watu kando ya mito. Ōmura na Campbell walipewa Nobel 2015.

Niliposoma hayo ndipo nikaelewa kazi ya kuchuja dawa ni kazi gani. Kumbe sehemu kubwa ni kuhesabu. Maabara inaweka viluwiluwi vya minyoo kwenye visahani vidogo, inadondosha kemikali, inatazama kama bado vinajinyonganyonga. Kinachofaulu kwenye kisahani kinapelekwa kwa panya, na wengi wa wagombea huishia hapo. Minyoo ya binadamu haifugiki kirahisi maabara, kwa hiyo hutumika ndugu zake wa panya na wa kondoo. Dawa ikifika kwa watu, hesabu inahamia chooni. Kinyesi kinapimwa kwa kitundu kinachobeba miligramu 41.7, mayai yanahesabiwa kwa darubini, unazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja. Mayai ya safura usiyachelewe: ukikaa kama saa moja hivi, yanaanza kupotea kwenye kioo.

Sasa, kogo hakuwa mtu wa chupa peke yake. Kama wazee wengi wa Bonde la Ufa, aliamini magome na mbegu. Kuna mti ambao Wamaasai huuita olmukutan. Wanasayansi waliupa jina la Albizia anthelmintica, neno la pili likimaanisha kwamba unafukuza minyoo. Sifa imo hadi kwenye kitambulisho. Kati ya 2002 na 2004 mtafiti John Githiori na wenzake walichapisha majaribio yao ya mti huo, pamoja na mimea mingine ya wafugaji wa Kenya kama Myrsine africana. Waliwapa kondoo wenye Haemonchus, wakahesabu mayai. Hayakupungua vya kutosha. Lakini 2004 hiyo hiyo, utafiti mwingine kwa kondoo wa Samburu uliripoti kwamba Albizia na Myrsine zilipunguza mayai kwa kiasi kikubwa.

Nani mkweli? Huenda wote. Gome la mti halina kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Msimu, udongo, namna ya kusaga, yote yanaweza kubadilisha kilichomo. Mimi sikusoma hayo nikacheka wazee, wala sikukimbilia kusema wazungu wametuficha dawa. Nilijiuliza tu: mbona kazi ile haikuendelea mpaka tujue ndani ya lile gome kuna nini na ni kiasi gani kinatosha?

Maana kidonge cha foleni yetu kina mipaka. Mwaka ule wa 2012, watafiti wa KEMRI walipopima watoto wa shule katika kaunti zenye minyoo mingi, karibu mmoja kati ya watatu alikuwa nayo. Baada ya miaka mitano ya vidonge, idadi ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya hiyo. Si mchezo. Lakini uchambuzi wa 2017 ulionyesha kwamba dozi moja ya albendazoli huponya takriban watu 96 kati ya 100 wenye minyoo mikubwa ya mviringo, 80 wenye safura, na 31 tu wenye minyoo ya mjeledi, ile myembamba mbele na minene nyuma. Na kondoo walishatuonya. Minyoo sugu kwa thaibendazoli iliripotiwa Marekani 1964, miaka mitatu tu baada ya dawa kutangazwa, na kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa mifugo wa Kenya wameandika habari hiyo hiyo hapa kwetu.

Dawa mpya zinatoka wapi basi? Mlango ni ule ule wa mifugo. Kwale ilikuwa kati ya sehemu zilizojaribu kidonge kinachounganisha albendazoli na ivamektini; matokeo yaliyotoka 2025 yaliishinda albendazoli peke yake dhidi ya mjeledi. Kisha kuna Pemba. Mwaka wa 2023, Emmanuel Mrimi na wenzake walichapisha matokeo ya emodepsaidi, dawa iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya paka. Dozi ya miligramu 5 iliponya watu 25 kati ya 30 wenye mjeledi. Albendazoli iliponya watano kati ya 30.

Kilichonisimamisha ni asili yake. Emodepsaidi ilitengenezwa kutokana na kitu kinachozalishwa na kuvu, na kuvu huyo alipatikana Japani kwenye majani ya Camellia japonica, ua la bustani. Chai yetu ni Camellia sinensis. Ni binamu kabisa.

Sisemi dawa imejificha Kericho. Majani ya binamu si lazima yawe na kuvu yule yule. Lakini karibu miaka mia tumechuma majani haya, tukayapima kilo, tukayapanga daraja, tukayapeleka mnada wa Mombasa. Tumeyauliza bei kwa kila namna. Mjapani aliuliza jani la ua lake swali jingine.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la pili. Muhula uliopita alirudi nyumbani akanionyesha ulimi, mweupe kwa chaki.

“Tulipewa dawa,” akasema. “Ni tamu kidogo.”