Mada si Dai: Istilahi za Insha ya Hoja katika Shule za Ngara na Biharamulo

Mwalimu wa Kiingereza anayefundisha kidato cha tatu katika Wilaya ya Ngara au ya Biharamulo ana kazi ya kuwapandisha wanafunzi ngazi tatu za lugha. Nyumbani wengi wao huzungumza Kihangaza, Kishubi au Kizinza. Katika shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Sekondari wanatakiwa kujenga hoja kwa Kiingereza. Sentensi sahihi huweza kupatikana kwa mazoezi. Lakini tukiuliza kwa nini insha yenye sentensi sahihi bado haithibitishi jambo lolote, hatuna budi kuitazama ile ngazi ya kati. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya tatizo hilo ni ya istilahi, na kwamba dawa yake imo katika lugha yetu wenyewe.

Tuanze na neno insha. Limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kuanzisha au kutunga kitu. Makarani wa serikali za Kiislamu waliita insha ile sanaa ya kuandika nyaraka rasmi kwa lugha teule, na al-Qalqashandi wa Misri, aliyefariki mwaka 1418, aliiandikia kitabu kikubwa chenye majuzuu mengi. Neno la Ulaya lilishika njia nyingine. Montaigne, Mfaransa, alipotoa kitabu chake mwaka 1580 alikipa jina lenye maana ya majaribio, na Francis Bacon akalitumia jina hilo kwa Kiingereza mwaka 1597. Kwa asili, basi, insha ni kutunga, na mwenzake wa Ulaya ni kulijaribu wazo kama linasimama. Shaaban Robert alipotoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, jina la kitabu chenyewe lilionyesha kwamba utungaji ulihesabiwa kuwa jambo la kufundishwa kwa mfano mwema. Urithi huo ni wa thamani. Ila uzuri wa utungaji peke yake hauthibitishi neno.

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Mwaka 1984 Serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Mwaka huo wa 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na kuanzia mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Mlango ukafunguliwa kwa watoto wengi zaidi, nao wakaingia na msamiati wa insha walioupata katika shule ya msingi: kichwa, mada, utangulizi, kiini, hitimisho.

Katika orodha hiyo limekosekana neno moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi wa Biharamulo anaulizwa kama kilimo cha migomba kinafaa kufundishwa shuleni. Anaambiwa, "Taja mada yako katika utangulizi." Naye anaandika kwa Kiingereza safi kwamba migomba ni zao muhimu, kwamba hutupatia chakula, kwamba huuzwa sokoni. Amelitii agizo, kwani mada, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malighafi, yaani kile kitu kinachoshughulikiwa. Lakini mwalimu alitaka dai: kwamba somo hilo lifundishwe, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko huenezwa hata na panga lisilosafishwa, na asiyelijua hilo huangamiza shamba lake kwa mkono wake. Mada haikanushiki, dai hukanushika, na kwa hiyo hudai ushahidi. Neno moja linapobebeshwa maana zote mbili, mwanafunzi hupoteza alama kwa kosa lisilo lake.

Mpaka wa Ngara umeongeza mtihani mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi. Nao wakimbizi wa Burundi walipata kambi Lukole, ambako watoto walisoma kwa mtaala wa kwao. Katika shule za mapokeo ya Kifaransa, dissertation ni zoezi la darasani: dai, kisha dai pinzani, kisha upatanisho. Neno hilohilo kwa Kiingereza ni andiko refu la shahada, ambalo sisi huliita tasnifu. Mfasiri wa hati za shule atakayeandika tasnifu mahali pa insha ya hoja atakuwa amempandisha mtoto wa sekondari hadi chuo kikuu kwa kalamu moja.

Je, istilahi za hoja tuzitafute wapi? Tunazo barazani. Mahakama za mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili. Mabaraza ya ardhi ya vijiji na kata yalitambuliwa na sheria ya mwaka 2002. Na mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mtoto aliyekwisha kushuhudia shauri la mpaka wa shamba anajua kwamba mwenye kudai hutoa hoja, hoja huletewa ushahidi, upande wa pili husikilizwa, kisha uamuzi hutolewa. Huo ndio muundo wa insha ya kitaaluma.

Wako watakaosema kwamba dai linanuka ugomvi na deni, na kwamba msimamo ni neno la upole zaidi. Tunaliheshimu neno hilo, lakini mtu aweza kushika msimamo maisha yake yote bila kuulizwa sababu. Mwenye dai huulizwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno haya yatenganishwe na kushikwa vilevile na walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza: mada kwa jambo linalozungumzwa, dai kwa kauli inayothibitishwa, hoja kwa sababu, ushahidi kwa mambo yanayoitegemeza, pingamizi kwa kauli ya upande wa pili, na hitimisho kwa uamuzi. Kipindi kimoja cha kuyafundisha kwa Kiswahili, kabla ya kalamu kugusa insha ya Kiingereza, hakitakipunguza Kiingereza. Kitampa mwanafunzi kitu cha kusema kwa lugha hiyo.