Breki: Kutoka Buti Kuukuu hadi Mlima Lukumburu

Aliyezoea kusafiri kati ya Songea na Njombe huutambua mlima Lukumburu hata akiwa amesinzia. Dereva hurudisha gia, injini huunguruma, na kama lori lililotangulia limeshuka kwa kutegemea breki tupu, harufu ya lainingi iliyoungua huingia dirishani. Ndani ya harufu hiyo mna historia nzima ya breki. Breki haimezi mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Lori la tani 30 likishuka kimo cha mita 300 bila kusaidiwa na injini, breki zake hupokea joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita 200 za maji.

Vita dhidi ya joto hilo vilianzia milimani. Katika vilima vya Derbyshire, Uingereza, Herbert Frood aliwaona wakulima wakitumia buti kuukuu kuongeza nguvu za breki za mikokoteni ya farasi. Akaanza kutengeneza kitu bora zaidi, na mwaka 1897, mwaka uleule Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Songea, ikazaliwa kampuni ya Ferodo. Jina hilo ni herufi za Frood zilizopanguliwa na kuongezwa moja.

Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Birmingham alipata hataza ya breki ya diski, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele na kulika upesi. Mwaka huohuo Louis Renault wa Ufaransa alileta breki ya dramu, ambayo shuu zake hutanuka ndani ya ngoma. Dramu ikatawala kwa nusu karne, ingawa ilikuwa na kasoro kubwa: joto hufungiwa ndani, ngoma hutanuka na kuziacha shuu, na pedali huzama.

Mwezi Mei 1953 yalianza mashindano ya kwanza ya magari ya Coronation Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Wiki chache baadaye breki ya diski ilirudi kwa kishindo: huko Le Mans, Ufaransa, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda mbio za saa 24 kwa Jaguar C-Type yenye diski za Dunlop. Diski huzunguka hewani na upepo huipoza, hivyo waliweza kuchelewa kukanyaga breki kwenye kona, mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka 1955 Citroën DS ikaifikisha diski kwenye gari la familia.

Pedi nazo zilibadilika. Asbesto ilivumilia joto, lakini vumbi lake huleta saratani, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Hadi leo fundi hapaswi kupuliza vumbi la breki.

Songea iliunganishwa na Makambako kwa lami miaka ya 1980, kwa msaada wa Uingereza. Zama za vumbi na mashimo, barabara yenyewe ilimlazimisha dereva aende taratibu. Kwenye lami analazimishwa na busara yake tu.

Kwa hiyo anayenunua pedi na diski aulize kwanza gari litakutana na joto gani. Pedi za uwanja wa mashindano hushika vizuri zikishapata moto. Asubuhi ya Julai Songea, baridi ikiwa imekaza, zitachelewa kulisimamisha gari. Pedi laini za mjini hupoteza mshiko zikizidiwa mlimani. Diski nene yenye njia za hewa katikati hupoa haraka kuliko diski bapa. Yenye matundu hupendeza macho, lakini kwa joto kali nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Diski iliyolika chini ya unene ulioandikwa juu yake haina tena chuma cha kutosha kubeba joto. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ya zamani yaweza kuchemka kwenye 155, na pedali ikashuka bila kukutana na chochote.

Wakulima wa Derbyshire walifunga buti zao kabla ya kuanza kuteremka. Lukumburu nayo inataka maandalizi hayohayo: pedi zikaguliwe gereji, na gia ndogo iingizwe gari likiwa bado kileleni.