Kinga Ikizidi

Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, muuza miti shamba alinifungia unga wa mlonge kwenye karatasi ya gazeti, akaikunja ncha kwa kidole gumba. "Huu unapandisha kinga, dada." Nikamuuliza, na ikizidi? Akanishangaa. "Kinga haizidi."

Jibu hilo si lake peke yake. Tangu 2020, wakati wa korona, tulipojifukiza nyungu na kuchemsha tangawizi na malimao nyumba kwa nyumba, "kupandisha kinga" imekuwa kauli ya kila genge. Ndani yake mna picha ya jeshi: askari wakiongezeka, mji unakuwa salama. Lakini Kariakoo yenyewe imepata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao maradhi na njaa viliwamaliza zaidi kuliko risasi. Jeshi huweza kuwala watu wake.

Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, hakuwa na picha hiyo. Alilelewa katika tiba ya pwani, ile iliyopitia vitabu vya Waarabu na Ibn Sina: joto na baridi, ukavu na unyevu. Ukimwendea na homa, kwanza anauliza umelalaje, umekula nini jana. Mwenye joto tayari hampi habasoda hata akiililia. Kwake dawa njema ikipita kiasi ni ugonjwa mwingine.

Maabara nayo ilifika kwenye swali hilo kwa njia yake. Mwaka 1975, Rolf Kiessling na wenzake wa Karolinska, Stockholm, walizipa jina seli za NK, seli za damu zinazoua seli ya saratani au iliyoingiliwa na virusi bila kungoja mafunzo. Fumbo likawa: mbona hazituui sisi? Klas Kärre, wa taasisi hiyohiyo, alianza kulifumbua katika miaka ya 1980. Karibu kila seli nzima yenye kiini mwilini huvaa protini za HLA juu ya ngozi yake. NK inapoigusa, vipokezi vyake vya kuzuia huzishika protini hizo. Mikia ya vipokezi, upande wa ndani, huita kimeng'enya SHP-1, nacho hubandua fosfati zilizokuwa zimeanza kuwasha amri ya kuua. Moto unazimwa palepale seli zilipogusana. Seli ya saratani inayoficha HLA zake ili isionwe na askari wengine humkosa huyo mzimaji, ikauawa. Kwa hiyo utulivu wa NK si usingizi, ni kazi inayofanywa kila dakika.

Adui naye anaijua breki hiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Osaka walionyesha kwamba baadhi ya protini za RIFIN, ambazo kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu huzipandikiza juu ya chembe nyekundu, hukamata kipokezi cha kuzuia LILRB1 na kuinyamazisha NK.

Sitaki kumvika bibi koti la maabara. Mizani yake ni ya mwili mzima na chakula. Hii ya Stockholm iko kwenye mguso wa seli mbili, na inapimika. Alipokosea yeye, hakuwa na njia ya kujua. Hata hivyo aliuliza kiasi, na soko letu limerithi habasoda yake likaliacha swali.

Swali hilo lina uzito mkubwa kwenye mji wa mimba. Humo NK haziui. Husaidia mishipa ya mama kupanuka ili mtoto apate damu. Annettee Nakimuli na wenzake, wakichunguza akina mama wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walionyesha mwaka 2015 kwamba urithi wa vipokezi vya NK unahusiana na hatari ya shinikizo la damu la ujauzito, lile linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Wenye mchanganyiko unaozuia kupita kiasi, mtoto akibeba aina fulani ya HLA-C, ndio walio hatarini zaidi. Wapo pia waliorithi kipokezi cha kuamsha, nacho kinawalinda. Hapo breki iliyokaza mno ndiyo inayomnyima mtoto damu.

Mama huyo akija Mkunguni, ataambiwa apandishe kinga.