Mkahawa wa chaza kama hati ya historia: Boston na New York katika karne ya 19

1. Utangulizi

Neno chaza, sisi wakaaji wa Lubumbashi, twalijua zaidi kwa njia ya kamusi. Samaki wetu hutoka Luapula na Ziwa Mweru, na bahari iko mbali nasi upande wa mashariki na upande wa magharibi pia. Hata hivyo tumeona vema kumzungumzia kiumbe huyu wa gamba katika kurasa hizi, kwa sababu historia ya mahali alipoliwa yaonyesha jinsi mji unavyotunza kumbukumbu zake, na jinsi unavyozipoteza. Tutatazama nyumba mbili za Marekani zilizofunguliwa kwa kupishana mwaka mmoja tu: ya Boston, iliyo wazi hadi leo, na ya New York, ambayo haipo tena.

2. Nyumba ya Union Street

Union Oyster House ya Boston ilianza kuuza chaza mwaka 1826, nayo huhesabiwa kuwa mkahawa wa zamani kuliko yote ya Marekani ambayo haijaacha kufanya kazi. Jengo lenyewe, la matofali, ni la karne ya 18. Kabla ya chaza palikuwa na duka la nguo. Na mwaka 1771, ghorofani, mpiga chapa Isaiah Thomas alikuwa akitoa gazeti lake The Massachusetts Spy, lililowachochea wenyeji dhidi ya utawala wa Uingereza. Yasimuliwa pia ya kwamba mwaka 1796 Louis-Philippe, aliyekuwa mkimbizi na ambaye baadaye alitawala Ufaransa toka 1830 hadi 1848, aliishi humo akijipatia riziki kwa kufundisha Kifaransa.

Mgeni aingiapo leo hukuta meza ndefu ya mti iliyopinda kwa umbo la nusu duara. Nyuma yake husimama mfunguzi wa chaza, mwenye kisu kifupi na kinene. Huingiza ncha ya kisu penye bawaba ya gamba, akakizungusha, akakata msuli unaofunga, kisha akampakua chaza mbichi juu ya nusu ya gamba lake, pamoja na kipande cha limau. Kazi hiyo haijabadilika sana tangu karne ya 19. Penye meza hiyo, husemwa, mwanasiasa Daniel Webster alikuwa akinywa brandi iliyochanganywa na maji, bilauri moja kwa kila sahani ya chaza sita, na mara chache aliridhika na sahani zisizotimia sita. Ghorofani mna kijumba cha mbao alichokipenda John F. Kennedy, kiliwekwa wakfu kwa jina lake mwaka 1977. Na mwaka 2003 nyumba nzima ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa taifa.

Tutambue hapa tofauti iliyopo kati ya hati na masimulizi. Gazeti la Thomas lasomeka hata leo katika maktaba. Lakini sahani za Webster zatufikia kwa mdomo wa wenye mkahawa, ambao wana faida katika kuzisimulia. Masimulizi hayo si ya kutupwa. Yatupasa tu kumwuliza msimulizi: ni nani asiyetajwa?

3. Chakula cha wote

Kwa desturi za leo chaza ni chakula cha wenye fedha. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Katika bandari za Boston na New York aliliwa na mchukuzi na mwenye benki vilevile, naye aliuzwa vikapuni njiani na katika vyumba vya chini ya ardhi. Wingi huo haukudumu. Watu walivua kupita kiasi, na maji machafu ya mji yalimwagwa baharini. Kwa kuwa chaza hula kwa kuyachuja maji, uchafu wa mji ulimrudia mlaji mezani pake. Mwaka 1927 mashamba ya mwisho ya chaza katika bandari ya New York yalifungwa.

4. Thomas Downing

Nyumba yetu ya pili ilikuwa katika Broad Street, karibu na Wall Street. Mwenyewe, Thomas Downing, alikuwa Mtu Mweusi aliyezaliwa mwaka 1791 huko Chincoteague, Virginia, kwa wazazi waliokuwa wamepewa uhuru. Alifungua mkahawa wake mwaka 1825, miaka miwili kabla utumwa haujakomeshwa kabisa katika jimbo la New York. Wakati huo vyumba vya chaza vilikuwa na sifa mbaya. Yeye alitandika mazulia, akatundika mapazia na taa za fahari, hata mabwana wakaweza kuja pamoja na wake zao. Alikuwa akitoka usiku kwa mashua ili kuwachagua chaza bora kabla hawajafika sokoni.

Wateja wake walikuwa wafanya biashara na wanasiasa Wazungu. Na chini yao, katika ghala ya nyumba, walifichwa watumwa waliotoroka kutoka kusini. Mwaka 1836 Downing alisaidia kuanzisha chama cha Weusi cha kupinga utumwa mjini humo. Alifariki tarehe 10 Aprili 1866, siku moja baada ya sheria iliyowatambua watu wa rangi yake kuwa raia. Siku ya maziko yake, Chama cha Wafanya Biashara cha New York kilifunga milango kwa heshima yake. Lakini nyumba yake haikuhifadhiwa, na kwa muda mrefu jina lake halikujulikana ila kwa wataalamu.

5. Tamati

Basi, penye meza ya Boston twaonyeshwa alipoketi mwenye kula. Aliyefungua gamba hatajwi jina. Jambo hilo si geni kwetu. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji, kabla ya 1960, Mwafrika aliingia katika mikahawa ya Wazungu akiwa mpishi au boyi, mara chache sana akiwa mgeni. Picha za mabwana walioketi zimo katika vitabu. Lakini majina ya vyakula, ya vyombo na ya amri za jikoni, ambayo wapishi wale waliyageuza toka Kifaransa hata yakawa Kiswahili chetu, yamo vichwani mwa wazee wachache, na kila mwaka wanapungua. Mwanafunzi atafutaye mada ya utafiti asiende mbali. Ampigie hodi mzee aliyepika, amwamkie kwa adabu, amwombe ataje kimoja kimoja alichokishika mkononi, naye aandike.